Picha katika njia ya herufi

Mfuatano wa eskepu ni kundi la herufi ambalo teminali ya kompyuta hailiandiki kwenye skrini bali hulitii. Huanza na herufi namba 27 katika jedwali la ASCII, ile inayotolewa na kitufe cha Esc, na kinachofuata ni amri: badili rangi ya maandishi, sogeza kishale hadi mstari wa tatu, futa skrini yote. Teminali za leo ni programu tu, zinazoiga mashine za miaka ya 1970 zilizokuwa na kioo na kibodi huku kompyuta yenyewe ikiwa katika chumba kingine. Njia inayoziunganisha na kompyuta imebaki ileile, njia ya herufi, baiti baada ya baiti. Ndani ya njia hiyo hupitishwa pia picha, michoro ya takwimu na hata video, bila dirisha la pili wala kivinjari.

Mkazi wa Utemini, kata iliyomo ndani ya Manispaa ya Singida, hutumia mbinu ya ukoo huo kila anapotuma pesa. Akibonyeza nyota, 150, nyota, 00, reli, simu haimtafuti mtu mwenye namba hiyo. Menyu ya M-Pesa hufunguka. Nyota ya mwanzo inasema kinachofuata si namba ya kupigia, na reli inasema amri imekwisha. Historia ya picha ndani ya teminali ni historia ya alama mbili za namna hiyo. Wanaoisimulia husisitiza ile ya kufungua, kwa kuwa ndiyo iliyobeba jina la Esc. Ila ya kufunga ndiyo iliyoamua mara nyingi mbinu ipi idumu na ipi ife, kwa sababu kifaa kisichoelewa amri kinahitaji angalau kujua amri hiyo inaishia wapi, ili kiiruke na kuendelea na kazi.

Mazoea ya kupenyeza amri katikati ya herufi yalianza kabla ya kompyuta. Kebo ya simu ya maandishi iliyolazwa chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar mwaka 1879, na mwaka 1890 Bagamoyo na Dar es Salaam ziliunganishwa na kisiwa hicho. Baadaye Reli ya Kati ilipenya bara kupitia Manyoni na Itigi, vituo ambavyo leo vimo mkoani Singida, ikafika Tabora mwaka 1912, na nyaya za simu zikaenda sambamba nayo. Katika nyaya hizo opereta alipiga Morse kwa mkono wake. Ulaya tayari ilikuwa na njia nyingine: Mfaransa Émile Baudot alisajili mwaka 1874 msimbo ambao kila herufi ina alama tano, kila alama ikiwa ipo au haipo, na mwaka 1901 Donald Murray wa New Zealand akaurekebisha ufae mashine zenye kibodi.

Alama tano hutoa michanganyiko 32 tu. Alfabeti peke yake inakula 26, na tarakimu, nukta na mabano bado hazijapata nafasi. Suluhisho lilikuwa kutenga mchanganyiko mmoja useme “kuanzia hapa soma tarakimu” na mwingine useme “kuanzia hapa soma herufi”. Teleksi, iliyotegemewa na benki na mashirika ya umma ya Tanzania kwa miongo kadhaa, iliendeshwa kwa msimbo wa ukoo huu. Udhaifu wake ulijulikana kwa kila aliyekaa mbele ya teleprinta. Amri ya kuhamia tarakimu haikuwa na mwisho wake yenyewe. Ilidumu mpaka amri ya kurudi ifike. Kelele kidogo kwenye laini ikiimeza amri ya kurudi, barua nzima ilichapwa kama msururu wa namba na alama za nukta. Baadhi ya mashine zilitengenezwa zirudi zenyewe kwenye herufi kila zilipokutana na nafasi kati ya maneno, yaani mtengenezaji aliamua kuweka alama ya kufunga ambayo msimbo haukuwa nayo.

Picha ya kwanza kupita katika njia ya namna hii ilitangulia skrini kwa miaka mingi. Mwaka 1920 Waingereza Harry Bartholomew na Maynard McFarlane walibuni mfumo ulioitwa Bartlane, kwa ajili ya magazeti yaliyotaka picha za habari kati ya London na New York. Picha iligawanywa katika nukta, kila nukta ikapewa daraja moja kati ya madaraja matano ya weusi, na madaraja hayo yakatobolewa kwenye utepe wa karatasi kama herufi za Baudot. Upande wa pili wa Atlantiki mashine ya kawaida ya kuchapia simu, iliyobadilishiwa herufi zake kwa vipande vya vivuli, ilichapa “herufi” hizo zikawa picha. Picha iliyokuwa ikisafiri kwa meli zaidi ya wiki moja ilifika kwa chini ya saa tatu. Mwaka 1929 madaraja yaliongezwa hadi 15. Vitabu vya uchakataji wa picha huutaja Bartlane kama mwanzo wa picha za kidijitali. Kwa haki ileile ungeweza kutajwa kama mwanzo wa picha katika teminali, kwa sababu waya wa katikati haukujua kwamba ulibeba picha.

Herufi ya Esc yenyewe ilipendekezwa mwaka 1960 na Bob Bemer wa IBM, wakati ambapo kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na msimbo wake na hakuna aliyekuwa tayari kuuacha. Wazo la Bemer lilikuwa herufi moja isiyo na maana yake yenyewe, ambayo kazi yake ni kubadili maana ya zinazoifuata. Iliingia katika ASCII ya mwaka 1963, na katika toleo la mwaka 1967 ikapewa namba 27. Mashine iliyoenea dunia nzima wakati huo, Teletype Model 33, ilichapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde, na Esc haikuwa na kazi kubwa hapo, kwa sababu karatasi iliyokwisha kuchapwa haifutiki.

Kioo ndicho kilichoipa Esc kazi. Maandishi kwenye kioo yanaweza kufutwa, kuhamishwa na kuwekwa popote, na kila tendo linahitaji amri. Katikati ya miaka ya 1970 kila mtengenezaji alijitungia zake. Teminali ya VT52 ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, DEC kwa kifupi, iliyotoka mwaka 1975, ilitumia Esc ikifuatwa na herufi moja. Hazeltine 1500 haikutaka hata Esc; ilitumia alama ya wimbi, ile ~, na hivyo mtumiaji aliyehitaji kuandika wimbi kwa maana yake ya kawaida alijikuta ametoa amri. Programu moja ilibidi ijue lahaja za mashine kadhaa. Bill Joy, akiwa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, alikusanya lahaja hizo mwaka 1978 katika faili moja lililoitwa termcap, ambalo kila programu ingelisoma kabla ya kuandika chochote.

Utaratibu uliokuja kushinda ulichapishwa na chama cha watengenezaji wa kompyuta wa Ulaya mwaka 1976 kwa namba ECMA-48, kisha Wamarekani wakautoa kama ANSI X3.64 mwaka 1979. VT100 ya DEC, iliyotoka mwaka 1978, iliufuata, ikauzwa kwa wingi, na hadi leo karibu kila emuleta ya teminali, yaani programu inayoiga teminali, inajitambulisha kama mjukuu wake. Ubora wa ECMA-48 hauko katika amri ilizoorodhesha. Uko katika sarufi yake. Amri fupi, zile zinazoanza na Esc na mabano ya mraba, huishia kwenye herufi yoyote kati ya @ na ~, na kabla ya hapo huwa na tarakimu na alama chache tu. Amri ndefu, zinazobeba mfululizo wa data, huanza na Esc na P, au Esc na mabano ya mraba ya kufunga, au Esc na kistari cha chini, na zote hufungwa kwa Esc ikifuatwa na mkwaju wa nyuma. Kwa hiyo teminali ya mwaka 1980 ikipokea amri iliyobuniwa mwaka 2020 haiielewi, lakini inajua imeanza na inajua imekwisha. Inaimeza kimya.

Anayetaka kuona hasara ya kuvunja sarufi hiyo atazame konsoli ya Linux. Waliounda konsoli hiyo waliweka amri ya kubadili rangi inayoanza na Esc, mabano ya mraba ya kufunga na P, ikifuatwa na tarakimu saba za heksadesimali, basi, bila alama ya kufunga. Konsoli yenyewe huhesabu tarakimu na kuendelea. Teminali inayofuata ECMA-48 hubaki ikisubiri mkwaju wa nyuma usiokuja, na kila kinachoandikwa baada ya hapo hupotea ndani ya amri isiyokwisha. Mtumiaji huona skrini imeganda.

Michoro ilianza kwa njia tofauti na hiyo. Tektronix ya Oregon, kampuni ya vifaa vya kupimia umeme, ilitoa teminali ya 4010 mwaka 1972. Kioo chake kilihifadhi chenyewe kilichochorwa juu yake: mstari ukishapigwa ulibaki unang’aa mpaka kioo kizima kifutwe kwa mmweko mmoja wa kijani. Hapakuhitajika kumbukumbu ya kuhifadhi picha, na kumbukumbu ya kompyuta wakati huo ilikuwa ghali mno. Herufi namba 29 iliihamisha teminali kutoka maandishi hadi michoro, kisha kila jozi ya herufi za kawaida ilisomwa kama nusu ya anwani ya nukta kwenye eneo la 1024 kwa 780. Wahandisi na wanahisabati waliipenda. Kasoro yake ilikuwa ileile ya teleprinta: hali ya michoro iliendelea mpaka ipatikane amri ya kutoka, na programu ikikatika katikati, maandishi yaliyofuata yaligeuka mistari iliyotawanyika ovyo kiooni.

Sixel ilikuwa jibu la DEC, na ni mojawapo ya mbinu za zamani zaidi za picha ambazo bado zinatumika katika teminali. Haikubuniwa kwa ajili ya skrini. Ilianzia kwenye printa za nukta za kampuni hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, LA50 ikiwa mojawapo, ambazo vichwa vyake viligonga nukta kwa safu wima. Jina lake linatokana na nukta sita zinazopangwa moja juu ya nyingine. Nukta sita, kila moja ikiwaka au kuzimika, hutoa michanganyiko 64, na ASCII ina zaidi ya herufi 64 zinazochapika. DEC walichukua thamani ya safu, kuanzia 0 hadi 63, wakaijumlisha na 63. Alama ya kuuliza, namba 63, ni safu tupu. Herufi @, namba 64, ni safu yenye nukta ya juu peke yake. Alama ya wimbi, namba 126, ni safu iliyojaa. Kujumlisha huko kuna sababu ya vitendo: matokeo yote ni herufi za kawaida ambazo modemu, laini ya simu au kompyuta ya katikati haiwezi kuzidhania kuwa amri.

Rangi huchaguliwa kwa alama ya reli ikifuatwa na namba ya rangi. Alama ya dola hurudisha kichwa mwanzo wa ukanda uleule ili rangi nyingine ipakwe juu ya ile ya kwanza, na kistari huteremka ukanda unaofuata. Alama ya mshangao hurudia: !72~ huchora safu 72 zilizojaa kwa herufi nne badala ya 72. Picha yote hufunguliwa kwa Esc, P na q, na kufungwa kwa Esc na mkwaju wa nyuma, yaani imewekwa ndani ya amri ndefu ya ECMA-48. Printa isiyoijua, au teminali isiyo na michoro, ingeiruka yote. Uamuzi huu mdogo wa mhandisi wa printa ndio uliofanya Sixel iweze kufufuliwa miaka 30 baadaye bila kuvuruga chochote.

Mwaka 1987 DEC walitoa VT340, yenye skrini ya nukta 800 kwa 480 na rangi 16 zilizochaguliwa kati ya 4096. Hesabu inaonyesha kwa nini haikugeuka televisheni. Skrini nzima ni kanda 80 za nukta sita, na kila ukanda una safu 800, hivyo rangi moja bila kurudia inahitaji herufi 64,000. Laini ya kasi ya 9600, iliyokuwa ya kawaida, hupitisha herufi 960 kwa sekunde. Rangi moja ni zaidi ya dakika moja. Mchoro wa mistari, ambao sehemu kubwa ni tupu na hurudiwa kwa alama ya mshangao, ulikuja upesi. Picha ya mtu ilikuja polepole kiasi cha mtu kwenda kunywa chai.

Sehemu kubwa ya kipindi hiki, kuanzia Tektronix hadi VT340, iliikuta Tanzania ikiwa imefunga mlango wa kompyuta. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Muungano. Hesabu za serikali zilipovurugika, mashine zilibebeshwa lawama, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku, isipokuwa kwa kibali maalumu. Kanuni hiyo ililegea kidogo kidogo katika miaka ya 1980 na kuondolewa katika muongo uliofuata. Wakati kompyuta zinaanza kuingia kwa wingi, teminali za michoro zilikuwa tayari zimepitwa na wakati kwingineko. Mfumo wa madirisha wa X, ulioanza MIT mwaka 1984, ulikuwa umeleta kipanya na madirisha kwenye Unix, na kompyuta binafsi ilikuwa na skrini yake yenyewe. Emuleta ya xterm, iliyoanza mwaka huohuo wa 1984, ilibeba uwezo wa kuiga Tektronix ndani yake, kwa manufaa ya programu chache ambazo hakuna aliyetaka kuziandika upya.

Njia ya herufi ilibaki kwa Waafrika Mashariki kwa sababu ya gharama ya laini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Zambia na Zimbabwe kwa teknolojia ya FidoNet: kompyuta ilipiga simu, ikapokea rundo la barua, ikakata. Faili lisilo la maandishi lilipaswa kugeuzwa herufi kwanza, na programu ya uuencode ilifanya hivyo kwa kuchukua baiti tatu na kuzifanya herufi nne, zikitanguliwa na mstari unaoanza na neno begin na kufungwa na mstari wenye neno end. Mpokeaji aliyekosa mstari wa mwisho alijua kwamba faili lake limekatika. Fikra ilikuwa ileile ya Sixel, isipokuwa picha haikuonekana ndani ya barua. Ilibidi ifunguliwe pembeni.

Picha ya kwanza kuja ndani ya maandishi kwa watu wa kawaida Tanzania haikupitia teminali ya kompyuta. Ilipitia simu ya kitochi. Vodacom ilipoanza huduma nchini mwaka 2000, simu kama Nokia 3210 na baadaye 3310 zilikuwa na uwezo wa kutuma ujumbe wa picha: waridi, moyo, katuni, vyote vyeusi kwenye kioo cha kijani. Picha ilikuwa na nukta 72 kwa 28, jumla 2016, ambazo ni baiti 252. SMS moja hubeba baiti 140, hivyo picha pamoja na maneno yake ilikatwa hadi vipande vitatu, na mtumaji alilipia kila kipande. Mwanzoni mwa kila kipande palikuwa na kichwa cha baiti chache kilichosema urefu wake chenyewe, kipande ni cha ngapi kati ya vingapi, na kwamba kilichomo si maneno bali picha. Simu iliyojua kusoma kichwa iliunganisha vipande na kuonyesha waridi.

Kulikuwa pia na namna ya pili, kwa simu na mitambo isiyoweza kupitisha kichwa hicho: amri iliandikwa kwa herufi za wazi, ikianza na mikwaju miwili na SCKL. Ikiingia kwenye simu ya kampuni nyingine, mpokeaji alisoma mikwaju miwili, SCKL na msururu wa tarakimu na herufi, akidhani simu imeharibika. Namna ya kwanza ilidumu ikawa msingi wa kuunganisha SMS ndefu hadi leo. Ya pili imesahauliwa. Tofauti kati yake ni kwamba moja ilitangaza urefu wake mahali ambapo kila simu ingeangalia, na nyingine ilitegemea mpokeaji aitambue kwa kuikisia.

SMS ina Esc yake pia, na kwa bahati nzuri ina namba ileile, 27. Alfabeti ya GSM ina nafasi 128 tu, kwa hiyo mabano ya mraba, mabano ya mawimbi na alama ya yuro huandikwa kwa herufi mbili, Esc kisha nyingine. Ndiyo maana ujumbe wenye mabano ya mraba hufikia kikomo cha herufi 160 mapema kuliko anavyotarajia mwandishi. Kanuni inasema simu isiyolijua jedwali la ziada ionyeshe nafasi tupu mahali pa Esc kisha herufi inayofuata kama ilivyo: yuro huwa nafasi na e. Kila Esc hapa inahusu herufi moja tu, basi hakuna kinachoweza kuachwa wazi.

Katika teminali za kompyuta, kati ya 1990 na 2010 hivi, picha ziliigizwa kwa herufi. Maktaba ya aalib ya mwaka 1997, ya Jan Hubička kutoka Jamhuri ya Czech, ilichagua herufi kufuatana na wino uliomo ndani yake, @ mahali peusi na nukta mahali peupe. Libcaca ya Sam Hocevar iliongeza rangi. Kivinjari cha maandishi cha w3m kilichukua njia ya mkato: programu yake msaidizi ilichora picha halisi juu ya dirisha la teminali kupitia X, bila kuihusisha teminali yenyewe. Matokeo yalipendeza kwenye kompyuta ya mezani. Kwenye ssh, njia ya kuingia kwa herufi katika kompyuta ya mbali, hayakuonekana, kwa sababu mchoraji alikuwa upande wa seva na dirisha lilikuwa upande wa mtumiaji, na kilichopita kati yao kilikuwa herufi peke yake.

Ssh ndiyo iliyoirudisha mbinu ya zamani. Kompyuta kubwa za hesabu na seva zilizokodiwa mbali zilizidi kuwa za kawaida, na mtu aliyetaka kuona mchoro uliotengenezwa huko alilazimika kunakili faili hadi kwake kila mara. Xterm iliongezewa uwezo wa kuiga VT340 pamoja na Sixel yake. Mwaka 2014 Hayaki Saito wa Japani alitoa maktaba ya libsixel, iliyogeuza picha yoyote kuwa Sixel kwa ubora ambao DEC hawakuufikiria. Sixel hata hivyo ni lugha ya printa: haijui uwazi wa viwango, rangi zake huchaguliwa kutoka ubao wa rangi chache, na picha iliyobanwa vizuri kama JPEG inapaswa kutanuliwa na kuandikwa nukta kwa nukta.

George Nachman, mwandishi wa iTerm2 ya kompyuta za Mac, alichagua kutuma faili lenyewe. Amri yake hubeba JPEG au PNG nzima iliyogeuzwa herufi kwa base64, ikiwa na jina, upana na urefu, na teminali hulifungua yenyewe. Kovid Goyal wa India, anayejulikana pia kwa programu ya vitabu ya Calibre, alikwenda mbali zaidi katika teminali ya kitty, iliyoanza kupatikana mwaka 2017. Picha hutumwa kwa vipande visivyozidi baiti 4096, hupewa namba, na baada ya hapo inaweza kuonyeshwa tena, kusogezwa, kuwekwa nyuma ya maandishi au kufutwa bila kutumwa upya. Programu ikiwa kwenye kompyuta hiyohiyo inaweza kutaja njia ya faili tu. Zote mbili zimo ndani ya amri ndefu za ECMA-48, kila moja ikiwa na mlango wake, na zote zinaweza kufungwa kwa Esc na mkwaju wa nyuma. Ile ya iTerm2 hukubali pia kufungwa kwa herufi ya kengele.

Kwa mkazi wa Utemini faida ya picha kupitia ssh inaonekana kwenye bando. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unapita Singida, lakini mwanafunzi au mtafiti mwenye laptopu mara nyingi huingia mtandaoni kupitia simu yake. Tuseme takwimu za mvua na mavuno ya alizeti zimo kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka hapo. Akitumia eneokazi la mbali, kila sehemu ya skrini ya seva inayobadilika husafiri kama picha. Akitumia ssh, kinachosafiri ni herufi anazoandika na mchoro pale unapoombwa. Programu ya gnuplot huweza kutoa mchoro moja kwa moja kama Sixel au kwa njia ya kitty. Base64 huongeza theluthi: faili la kilobaiti 300 husafiri kama 400. Mchoro wa mistari wenye rangi tatu kwa Sixel unaweza kuwa mdogo kuliko hapo, kwa kuwa ule mshangao wa kurudia bado unafanya kazi yake. Video huwezekana pia, maana kichezeshi cha video cha mpv kina njia za kutoa picha zake kwa Sixel, kwa kitty na kwa vipande vya rangi, ingawa mwenye bando dogo hatadumu nayo.

Programu hujuaje teminali inaweza nini? Huuliza. Hutuma Esc, mabano ya mraba na c, na teminali hujibu kwa orodha ya namba kana kwamba mtumiaji ameziandika kwenye kibodi. Ikiwamo 4, Sixel ipo. Desturi hii ina hatari ambayo mtafiti wa usalama HD Moore aliieleza kwa kirefu mwaka 2003: teminali inayoweza kujibu inaweza kufanywa ijibu kitu ambacho mshambuliaji amekichagua. Faili la maandishi lisiloaminika likionyeshwa kwa amri ya cat linaweza kuwa na mifuatano ya kubadili jina la dirisha kisha kuomba jina hilo lirudishwe, na kilichorudishwa kikafika kwenye mstari wa amri. Emuleta nyingi zimezima maombi ya namna hiyo tangu hapo.

Shida iliyobaki ni ya wapatanishi. Tmux, inayogawa teminali moja kuwa vyumba kadhaa na inayopendwa na wenye umeme au mtandao wa kukatika, kwa sababu kazi huendelea kwenye seva hata laini ikianguka, huhifadhi yenyewe ramani ya kila herufi iliyoko kwenye skrini. Picha si herufi, na haikuwa na mahali katika ramani hiyo. Toleo la 3.4 la mwaka 2024 lilipokea Sixel. Kitty ilitafuta mlango mwingine: herufi moja ya Unicode isiyotumika na yeyote huwekwa kama kishika nafasi, rangi yake ikibeba namba ya picha, na tmux huihamisha bila kujua kwamba teminali ya nje itachora kipande cha picha mahali pake. Hila hiyo inakaribia sana Bartlane, ambamo mashine ya katikati iliamini inabeba herufi.

Hakuna kamati iliyoamua kati ya njia hizi tatu. Toleo la mwisho la ECMA-48, la tano, ni la mwaka 1991, na halisemi lolote kuhusu picha za rangi. Konsole ya KDE imepokea zaidi ya moja, WezTerm imepokea zote, na Microsoft waliingiza Sixel katika Windows Terminal 1.22, iliyotoka kwa majaribio mwaka 2024. Teminali ya GNOME, ambayo watumiaji wengi wa Ubuntu waliikuta tayari imo kwenye kompyuta zao, imeiacha Sixel ikiwa imezimwa kwa muda mrefu. Programu za kuonyesha picha kama chafa na timg zikikosa jibu linalofaa hurudi kwenye herufi ya nusu tofali, ▀, nusu ya juu ikipakwa rangi moja na nusu ya chini nyingine, na picha ya upana wa nukta 80 huonekana katika teminali yoyote yenye rangi, hata ile iliyofunguliwa kwenye simu.